NESI WA KABANGA, SEHEMU YA 7: SIKU NNE ZIWANI NA BABA WATOTO

  

Sehemu iliyopita tuliongea habari ya upungufu wa damu kwa wajawazito. Leo naacha kidogo matembele na vidonge vya damu, nazungumzia jambo ambalo halina nafasi kwenye kadi ya kliniki. Wewe na mume wako, mara ya mwisho mlikaa wawili tu lini? Sisemi kulala chumba kimoja. Nasema kukaa, mkaongea, bila mtoto kuita, bila jirani kugonga mlango, bila simu ya mkopo.

Kliniki nawasikia kila wiki. "Nesi, sisi siku hizi tunaongea ada, unga na homa ya mtoto. Basi." Mnasema huku mnacheka, lakini mwenzenu naona macho.

Kwenye televisheni tunawaona wazee wa Ulaya, mke na mume, wamepanda meli ya mtoni. Wanapita mto Rhine au Danube, wamekaa kwenye viti, wanatazama makasri na miji kando ya maji. Asubuhi mji huu, jioni mji ule. Tunasema hayo ya wenzetu. Jamani, kutoka hapa kwetu hadi Kigoma mjini ni lami, ni safari ya asubuhi moja tu. Na ukishuka kule chini unalikuta Ziwa Tanganyika, la pili duniani kwa kina, karibu mita 1,470 kwenda chini, na urefu wake unapita kilomita 600. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zote zimelizunguka. Watu wanapanda ndege mbili kuja kulitazama. Mimi niliyezaliwa huku juu kwenye baridi nilikuwa nimeliona kwa kupita tu, nikienda semina, nikirudi na dagaa kwenye mfuko.

Basi tulikwenda. Nawasimulia tulivyokwenda, na mwisho nitawapa ya kinesi, msijali.

Kwanza sababu. Tuna watoto wawili, wa miaka tisa na wa miaka minne. Wa tatu alizaliwa akiwa ameshafariki, wiki ya 36. Nilihudumiwa vizuri, sina wa kumlaumu. Mambo haya hutokea hata kwa mama anayehudhuria kliniki zote, hata kwa nesi. Nilikaa wodini siku mbili, na wazee wa familia na mume wangu wakaenda kumzika mimi nikiwa bado kitandani. Niliporudi nyumbani watu walikuja, wakakaa, wakasema Mungu atatoa mwingine, wakaondoka. Likizo ikaisha nikarudi kazini kupokea watoto wa wenzangu. Baba watoto ni fundi seremala. Akawa anabaki karakana mpaka saa mbili, saa tatu usiku. Akirudi anakula, anauliza watoto wamelala, na yeye analala. Hatukugombana hata siku moja. Lakini mwaka mzima na zaidi, jina la yule mtoto halikutajwa ndani ya nyumba yetu.

Mama mkwe ndiye aliyeliona. Siku moja ananiambia, "Mwanangu, nyumba yenu imekuwa kimya kama ya wapangaji. Tafuteni mahali mkapumzike. Wajukuu niachieni." Tukaanza kibubu, shilingi 5,000 kila wiki, miezi minane. Mgao wa vikoba nikauongezea hapo. Hatukukopa. Hilo naomba mlisikie vizuri: hatukukopa.

SIKU YA KWANZA
Tulipanda basi la alfajiri Kasulu, mimi na sweta, yeye na koti. Kufika Kigoma vyote vimetiwa kwenye begi. Joto la kule si mchezo. Tukachukua gesti ya kawaida. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kukagua chandarua kama kina matundu. Mume wangu akacheka, "Hata hapa uko zamu?" Nikamwambia ndiyo, mbu wa ziwani hajui kama niko likizo.

Mchana tukaenda Ujiji. Mnajua wenyewe, hapo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, kuna makumbusho na mnara. Wengi husimama kwa Livingstone tu, lakini Ujiji ilikuwa mji mkubwa wa biashara kabla yake na baada yake. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilikuwa ikianzia hapo kuelekea pwani. Mume wangu alitazama mlango mmoja wa zamani kwa dakika kumi nzima, anauliza ni mbao gani. Nikamwacha. Nilikuwa sijamwona akitazama kitu namna ile kwa muda mrefu.

Jioni tukashuka upande wa bandari. Kuna meli moja ambayo kila mtu wa Kigoma ana hadithi yake: Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma. Ikaunganishwa, ikashushwa majini mwaka 1915, jina lake la wakati huo Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia vimewabana, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Lakini waliipaka grisi mitambo kabla ya kuizamisha. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kiwanda kilichoijenga kipo mpaka leo, kinatengeneza zile meli kubwa za watalii mnazoziona kwenye televisheni. Kwa hiyo mama, ukisimama bandarini Kigoma unatazama dada mkubwa wa meli hizo.

Mimi nina sababu nyingine ya kuiheshimu. Mwezi Mei 2015, Warundi walipokimbilia Kagunga kwa maelfu, walibanwa kwenye kipande chembamba cha ufukwe, mlima nyuma yao na ziwa mbele. Kipindupindu kikaingia. Liemba ndiyo iliyokuwa ikiwachukua kwa mamia kuwaleta Kigoma, na kutoka hapo wengi wakaja kwa jirani zetu, Nyarugusu. Wajawazito, wazazi wa siku mbili, watoto wanaoharisha, wote waliipanda meli ile. Tulipoitazama sisi ilikuwa imetulia, haisafiri, inangoja matengenezo. Baba watoto akasema, "Chuma cha miaka mia na zaidi, na bado wanahangaika kukitengeneza." Tukaenda kula migebuka ya mawese na ugali wa muhogo.

SIKU YA PILI
Boti za kwenda vijiji vya kaskazini huondokea Kibirizi. Sasa hapa tega sikio.

Boti ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa imejaa: kreti za soda, magodoro, mabati, watu juu ya mabati. Nikauliza jaketi za kuokolea ziko wapi, zile wanazoita laifu jaketi. Kijana ananiambia, "Mama, ziwa leo limetulia." Nikasema sikuuliza ziwa, nimeuliza jaketi. Hazikuwepo. Nikamwambia mume wangu hatupandi. Akanuna kidogo, maana jua lilikuwa kali na ile inayofuata haijulikani itajaa saa ngapi. Tukakaa kwenye kivuli cha banda tukanunua karanga. Ilifika boti nyingine, jaketi zimefungwa pamoja chini ya paa, nzee lakini nzima. Tukavaa. Watu wachache walitucheka, na mama mmoja akaomba naye ya kwake. Ilipofika katikati ya safari tulikuwa tumevaa kama kumi hivi.

Na safari yenyewe? Ooh. Boti inatembea karibu na nchi kavu, polepole, injini inaunguruma. Kulia kwako milima inashuka mpaka majini. Vijiji vimebanana kwenye vipande vya ufukwe, na kila kijiji dagaa wameanikwa mchangani wanameta kama bati jipya. Watoto wanaoga, akina mama wanafua, mtu anapanda na kuku, mwingine anashuka na mfuko wa saruji. Kushoto maji tu, na siku ikiwa safi unaiona milima ya Kongo ng'ambo, ya bluu. Tulipita Mtanga. Mpaka hapo milima ni mashamba ya muhogo na nyasi, miti michache. Halafu ghafla msitu unaanza, mzito, kama mtu amechora mstari. Hapo ndipo Hifadhi ya Gombe inapoanza.

Tulishuka Kasekela. Mtanzania analipia kwa shilingi, na kiingilio ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje. Ulizeni kwanza bei ya sasa ofisi za hifadhi Kigoma kabla ya kwenda. Tukapewa chumba cha kawaida na onyo moja: mlango ufungwe, nyani ni wezi. Mume wangu alitoka nje na chapati mkononi, akageuka kunionyesha machweo, na chapati ikaenda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata yeye.

SIKU YA TATU
Asubuhi tukapanda msituni na mwongoza wageni. Kabla ya kuondoka aliuliza kama kuna mwenye mafua au kikohozi. Huruhusiwi kuwafuata sokwe ukiwa mgonjwa, na hata ukiwa mzima unavaa barakoa na kukaa mbali nao mita kumi. Ugonjwa wetu mdogo kwao ni msiba. Nikaona huyu ni mfanyakazi mwenzangu wa afya.

Tulitembea zaidi ya saa mbili. Kisha tukamwona jike amekaa chini ya mti, mtoto ananyonya. Hakutujali. Alikuwa anamchambua mtoto manyoya, kidole kwa kidole, kama wewe unavyomtafuta mwanao chawa mlangoni. Mwongozaji akatuambia sokwe hunyonyesha mwanawe miaka minne, hata mitano, kabla ya kuzaa mwingine. Nikamtazama mume wangu nikasema unaona, sisi kliniki tunawaomba watu miaka miwili tu kabla ya mimba nyingine na bado mnalalamika.

Njiani kurudi akatusimulia habari za Jane Goodall. Alifika hapo Julai 1960, binti wa miaka 26. Serikali ya kikoloni ilikataa akae msituni peke yake, kwa hiyo alikuja na mama yake mzazi, Vanne. Yule mama ndiye aliyefungua kijizahanati pale ufukweni, akawa anawapa wavuvi dawa ndogondogo na kuwafunga vidonda, na watu wakawazoea kupitia kwake. Dunia inamjua binti. Mimi nimerudi na jina la mama.

Halafu akasimulia mwaka 1966. Polio ilikuwa imeingia kwa watu wa eneo hili, na sokwe nao wakaanza kupooza. Jane na wenzake wakawawekea sokwe chanjo ndani ya ndizi. Kulikuwa na sokwe jike wakimwita Olly, mwenye kichanga cha mwezi mmoja hivi. Kichanga kikapooza, kikafa. Olly akaendelea kumbeba. Alimbeba akiwa ameshakufa, akatembea naye.

Mwongozaji alikuwa anasimulia tu, kama anavyowasimulia wageni wote. Nilisikia hatua za mume wangu nyuma yangu zimesimama. Sikugeuka. Baadaye zikaanza tena.

Usiku ule tulikaa ufukweni. Mwezi ulikuwa haujatoka, na wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, wanavuta samaki kwa taa. Kwa hiyo ziwa lote lilikuwa na taa, mstari mrefu, kama kuna mji katikati ya maji. Tulikaa muda mrefu. Halafu akasema, bila mimi kumuuliza, "Na mimi nilimbeba."

Nikanyamaza. Kazi imenifundisha kunyamaza.

Akaniambia yote. Kwamba nesi wa zamu alimkabidhi mtoto amefungwa vizuri. Kwamba kwenye gari mzee mmoja alitaka kumpokea akakataa, akampakata mwenyewe mpaka nyumbani kwa baba yake. Kwamba alifunua kidogo akamwona uso. "Alikuwa na paji lako," akasema. Amezikwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba ya wazee. Zile Jumapili alizokuwa ananiaga anakwenda kukagua kahawa, alikuwa anapita kwanza pale kupalilia.

Na khanga. Nilikwenda kujifungua na doti mpya, nikarudi na upande mmoja. Mwaka mzima nilidhani ule mwingine umepotelea wodini, na nilikuwa naona aibu kuuliza habari ya khanga katika msiba. Akasema, "Ndiyo niliyomfungia. Nilitaka awe na kitu chako."

Tulilia wote wawili, mama mwenzangu. Wavuvi walikuwa mbali, hawakutuona.

Asubuhi yake, siku ya nne, tulipanda boti ya alfajiri kurudi. Ziwa lilikuwa kama kioo. Alinisinzilia begani na jaketi lake limemkaa shingoni.

SASA YA KINESI
Sisemi kila mtu aende Gombe. Wengine mna ziwa hapo hapo mlangoni, wengine mtapanda mlima wa jirani mkale mahindi ya kuchoma. Lakini yashikeni haya.

1. Mtoto wa chini ya miezi sita ananyonya maziwa ya mama tu, kwa hiyo usimwache usiku. Nendeni naye sehemu za nchi kavu, Ujiji au ufukweni, mrudi. Aliyeanza kula anaweza kubaki na bibi saa chache. Ukimwachia maziwa uliyokamua, apewe kwa kikombe safi, na yasikae nje ya friji zaidi ya saa 4.

2. Anayebaki na watoto mwachie kadi ya kliniki, namba ya simu, pesa ya nauli ya kwenda kituo cha afya na pakiti za ORS. Mwambie dalili za hatari: mtoto hanyonyi au hali, anatapika kila kitu, anapumua haraka au kifua kinabonyea, degedege, amelegea sana. Akiona mojawapo asingoje mrudi.

3. Kwenye boti vaa jaketi kabla haijaondoka, na ulifunge. Kama hakuna, usipande. Mtoto mchanga usimfunge mgongoni ukiwa umevaa jaketi. Jaketi linakuelea uso juu, na mgongo wako ndio unaokuwa majini. Mpakate mbele. Boti iliyojaa iache iende. Mume akinuna, mnunulie karanga.

4. Tunaotoka huku kwenye baridi, tukienda ziwani tulale ndani ya chandarua kila usiku. Mjamzito amalize dozi zake za SP kliniki kama alivyopangiwa. Homa ikikushika baada ya kurudi, hata wiki mbili au tatu baadaye, usimeze dawa kwa kubahatisha. Nenda ukapime malaria, na useme ulikuwa wapi.

5. Maji ya ziwa usinywe bila kuchemsha au kutibu. Ukitaka kuoga, epuka kwenye matete na majani, konokono wa kichocho hukaa huko.

6. Mliopoteza mtoto, hii ni yenu. Maziwa yatakuja siku ya pili au ya tatu, hata kama mtoto hayupo, na hakuna anayewaambia. Usiyakamue yote, yatazidi kuja. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi, meza paracetamol. Matiti yakiwa mekundu na homa ikapanda, njoo. Hudhuria kliniki ya baada ya kujifungua mpaka siku ya 42 kama mama mwingine yeyote, ni haki yako. Usingizi ukikukimbia na dunia ikakosa ladha zaidi ya wiki mbili, njoo pia. Ukiwaza kujidhuru, usingoje wiki mbili. Njoo leo.

7. Na baba yao muulizeni. Sisi wodini tunamzunguka mama, wageni wanampa pole mama, na baba anatumwa kutafuta gari na jembe. Muulize alimwona mtoto? Alimbeba? Amemlaza wapi? Asipojibu leo, mwache. Ajue tu kwamba swali lipo na wewe una nafasi ya kusikia jibu.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwa wazee wote wanne, na watoto. Mkubwa wangu ndiye aliyebeba jembe.

Sehemu ya 8 nitajibu maswali yenu ya lishe na damu, nimeyaandika yote. Nawatakia wiki njema, na mkapumzike.

Nesi wenu, Kabanga.